Taa za nyuma za gari: soma dalili kabla ya kununua balbu

Balbu ya taa ya nyuma haina bei kubwa, na ndiyo maana wengi huanza na kununua balbu. Ikifungwa na tatizo likabaki, inanunuliwa nyingine, kisha anaitwa fundi umeme, naye anakuta balbu ya kwanza ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichooza ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari), au swichi ya breki, au waya uliokatikia ndani ya mpira wa mlango wa nyuma.

Taa hizi zimeungwa kwa namna ambayo ugonjwa wa taa moja hujitokeza kwenye taa nyingine. Kwa hiyo usianze na swali "ipi haiwaki?" Anza na "zipi zimezima pamoja nayo, na zipi zinawaka wakati hazitakiwi?" Ukijibu hilo vizuri, nusu ya kazi umeshamaliza kabla hujashika spana.

Maelezo haya yanahusu magari madogo ya volti 12 yenye balbu za kawaida, hasa ya Kijapani yaliyoingia yakiwa yametumika: Corolla, Premio, Vitz, Probox, Noah na ndugu zao. Taa za LED zina sehemu yake huko chini.

Kilichomo nyuma ya kioo chekundu

Kwenye magari mengi ya aina hii, paki (taa ndogo za usiku) na breki ziko ndani ya balbu moja yenye nyuzi mbili: uzi wa wati 5 wa paki na uzi wa wati 21 wa breki. Kuna za kitako cha chuma, P21/5W, ambazo madukani huitwa pia 1157, na kuna za kitako cha kioo zinazochomekwa moja kwa moja, W21/5W, au 7443. Ile ya chuma ina vipini viwili pembeni, kimoja kimekaa juu kuliko kingine. Tofauti hiyo imewekwa makusudi ili balbu isiingie kinyume.

Indiketa hutumia balbu ya uzi mmoja wa wati 21, yenye kioo cha rangi ya chungwa ikiwa lenzi yake ni nyeupe. Taa ya namba ya gari kwa kawaida ni kadogo ka wati 5, ile T10.

Umeme wa paki unatoka kwenye fyuzi ya TAIL na kupitia swichi ya taa kwenye usukani. Umeme wa breki unatoka kwenye fyuzi ya STOP na kupitia swichi iliyo juu ya pedali, na kwenye Toyota nyingi unafika hata funguo ikiwa mfukoni. Indiketa inapitia flasha, kifaa kidogo kinachoifanya ipepese. Njia tatu za kwenda, lakini ya kurudi mara nyingi ni moja: waya wa ethi, ambao kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo ni mweupe wenye mstari mweusi.

Shika na hesabu hii, itakusaidia huko mbele. Uzi wa wati 21 unavuta karibu ampea 1.75, wa wati 5 unavuta kama ampea 0.4. Mguso wenye kutu unaweza kupitisha ampea 0.4 bila shida, kisha ukashindwa ukidaiwa mara nne zaidi. Paki kuwaka vizuri, basi, hakuthibitishi kwamba waya ni mzima.

Vifaa: taa ya kupimia au multimeta, spana boksi namba 10, bisibisi bapa, msasa namba 400, spreya ya kusafishia miguso ya umeme, kipande cha waya cha mita mbili, na balbu moja ya 21/5 unayojua kwa hakika ni nzima. Tafuta mtu wa kukukanyagia breki. Ukiwa peke yako, rudisha gari karibu na ukuta jioni na uangalie wekundu kwenye kioo cha ndani.

Taa moja tu haiwaki, nyingine zote ziko sawa

Hapa ndipo balbu inapohusika kweli. Itoe: ya chuma unaisukuma ndani kidogo na kuizungusha kinyume cha saa, ya kioo unaivuta wima. Tazama nyuzi kwa mwanga wa mchana. Uzi uliokatika unaonekana. Kioo cheusi ndani kinaonyesha balbu imezeeka, na ukungu mweupe kama maziwa maana yake hewa imeingia. Usiamini macho peke yake. Uzi unaweza kuwa umekatikia chini kabisa, karibu na kitako, kwa hiyo jaribu na ile balbu yako nzima, au hamisha balbu ya upande wa pili.

Balbu nzima ikigoma kuwaka pale pale, angalia soketi. Vilimi vya shaba vikichoka hulala, na vile vitone vya risasi chini ya balbu hubonyea kwa joto mpaka mguso unakuwa wa kubahatisha. Ukigonga taa kwa kiganja ikawaka, ndiyo hiyo. Zima taa, inua vilimi kidogo kwa bisibisi ndogo, vipige msasa kidogo, puliza spreya. Soketi ya plastiki iliyoyeyuka na kubadilika rangi usiihangaikie, ibadilishe. Inauzwa peke yake pamoja na mikia yake ya waya.

Bado giza? Pima moto, yaani umeme unaofika, kwenye soketi. Weka kibanio cha taa ya kupimia kwenye chuma safi cha bodi, gusa vilimi kimoja kimoja huku paki ikiwa imewashwa na breki imekanyagwa. Moto ukiwapo, tatizo ni ethi. Usipokuwapo upande mmoja tu wakati upande wa pili upo, waya umekatika kati ya pale nyaya zinapogawanyika na taa hiyo.

Taa zinachezeana: paki inapepesa na indiketa, breki inafifisha paki

Unawasha indiketa ya kulia, na taa ya paki ya kulia inapepesa nayo. Unakanyaga breki, na indiketa ya upande huo inawaka kwa ufifu, au paki inazima badala ya kuongezeka mwanga. Watu husema "nyaya zimegusana". Mara nyingi sana hazijagusana. Taa imepoteza ethi.

Umeme umefika kwenye uzi wa breki na unataka kurudi kwenye bodi. Njia ya ethi imeziba kwa kutu. Lakini ndani ya balbu ile ile uzi wa breki na uzi wa paki wameshikana mwisho wao wa ethi, kwa hiyo umeme unapita uzi wa paki kinyumenyume, unaingia kwenye waya wa paki, unafika upande wa pili wa gari au kwenye taa ya namba na kupata ethi huko. Umepita kwenye nyuzi mbili au tatu badala ya mmoja, kwa hiyo zote zinafifia.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Chukua ule waya wa mita mbili, gusa ncha moja kwenye ethi ya soketi na nyingine kwenye boliti safi ya bodi. Taa zikirudi katika hali yake, umeshapata. Mwenye multimeta aiweke kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye ethi ya soketi, mweusi kwenye bodi, taa zikiwa zimewaka na breki imekanyagwa. Ethi nzuri itaonyesha chini ya volti 0.2. Ukiona volti 1 au zaidi, umeme unapotelea hapo. Pima taa zikiwa zimewaka, kwa sababu waya usiopitisha kitu utaonyesha sifuri hata kama umeshikiliwa na uzi mmoja wa shaba.

Sasa fuata waya wa ethi. Kwenye buti unaishia kwenye boliti ndogo ya namba 10 nyuma ya kava la pembeni, mara nyingi chini kabisa ambako maji hukusanyika. Ifungue, piga msasa kikuku cha waya na mahali kinapokaa mpaka chuma king'ae, ondoa rangi ya gari iliyoingilia kama bodi imewahi kunyooshwa, kaza, kisha paka greisi juu yake. Greisi inapakwa baada ya kukaza. Ukipaka kabla unaweka kizuizi kati ya chuma na chuma.

Gari lililogongwa nyuma na kupigwa rangi upya lichunguze hapa kwanza kuliko popote. Na magari ya pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, hupata ugonjwa huu mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Wengine huamua kupiga skrubu mpya kwenye bodi na kufunga ethi hapo. Inakubalika, ila angalia kwanza kuna nini upande wa pili wa bati. Mabomba ya mafuta na tangi haviko mbali na buti.

Taa nyingine za zamani hazina nyaya ndani, zina vipande vya bati vilivyopigwa riveti juu ya plastiki. Riveti zikilegea au kushika ukungu wa kijani, ethi ya boliti inaweza kuwa safi kabisa na taa bado inachezeana. Chomelea kwa risasi waya mfupi kuruka riveti hiyo.

Ukikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka

Mchana, taa zote zimezimwa, unakanyaga breki na mwanga wa dashibodi na wa redio unatokea. Wanaoona hivi huwa na hofu ya hitilafu kubwa. Kwa kawaida ni balbu moja isiyo yake.

Balbu ya uzi mmoja, P21W, ina kitone kimoja kikubwa katikati ya kitako. Ikilazimishwa kwenye soketi ya nyuzi mbili, kitone hicho kinagusa vilimi vyote viwili na kuunganisha waya wa breki na wa paki. Moto wa breki unarudi kwenye saketi nzima ya paki, dashibodi ikiwemo. Dawa ni kuweka balbu ya 21/5. Hali kama hiyo hutokea pia uzi uliokatika unapoangukia mwenzake ndani ya balbu iliyo sahihi, kwa hiyo toa balbu za nyuma moja moja huku mwenzako amekanyaga breki. Ile ambayo ikitoka dashibodi inazima ndiyo yenye kosa.

Dada yake ni balbu ya nyuzi mbili iliyoingizwa kinyume kwa nguvu. Hapo paki inawaka kwa wati 21 muda wote na breki inaongeza wati 5 tu. Dereva wa nyuma haoni tofauti unaposimama, na joto la usiku kucha linayeyusha soketi.

Taa za breki zote hazishiki

Angalia ile ya tatu, ya juu kwenye kioo. Kama ya juu inawaka na za chini zote mbili zimekufa, tafuta balbu mbili zilizoungua (hutokea, kwa sababu mwenye gari hajui ya kwanza ilikufa lini) au ethi. Kama zote tatu zimezima, usifungue taa kabisa. Nenda kwenye fyuzi ya STOP, kisha swichi ya pedali.

Kwenye gari la otomatiki kuna dalili ya bure: leva ya gia inagoma kutoka P hata ukikanyaga breki. Kwenye Toyota nyingi kufuli ya leva inategemea ishara ile ile ya taa za breki, kwa hiyo vyote viwili vikigoma kwa pamoja, shuku fyuzi au swichi. Ili uweze kuondoka hapo ulipo, kuna kitufe cha SHIFT LOCK pembeni mwa leva, wakati mwingine kimefichwa na kifuniko kidogo cha plastiki.

Swichi yenyewe iko juu ya mkono wa pedali. Ya kawaida ina nyaya mbili: mmoja una moto siku zote, wa pili unapata moto ukikanyaga. Moto ukiwapo kwa wa kwanza na usifike wa pili, unganisha nyaya hizo mbili kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, nunua swichi. Zenye nyaya nne zina kazi nyingine pia, usiunganishe kwa kubahatisha.

Unapofunga mpya, acha uwazi wa milimita 1 hadi 2 kati ya mwili wa swichi na kizuizi cha pedali, pini ikiwa imebonyezwa. Swichi ikisogezwa mbele mno, inaizuia pedali kurudi mpaka mwisho, na breki zinabaki zimeshika kidogo kidogo. Matairi yakinukia kuungua siku mbili baada ya kubadilisha swichi ya taa, sababu ni hiyo.

Taa za breki hazizimi

Kabla ya kununua chochote, piga tochi kwenye zulia la dereva. Ukiona vipande vya plastiki au mpira vilivyopondeka kama makombo ya biskuti, kile kizuizi kidogo kinachobonyeza pini ya swichi kimekwisha umri. Pini inaingia kwenye tundu la mkono wa pedali na swichi inadhani breki imekanyagwa. Kipya ni kitu kidogo sana. Wakati unakitafuta, boliti fupi yenye kichwa bapa na nati yake ndani ya tundu hilo inashika kazi.

Usiliache mpaka kesho. Breki mbili za wati 21 pamoja na ya tatu zinaweza kuvuta karibu ampea 4, na betri ya ampea-saa 45 haimalizi usiku mmoja.

Paki zote zimezima, pamoja na taa ya namba na mwanga wa dashibodi

Hiyo ni fyuzi ya TAIL, kwa kawaida ya ampea 10, nyekundu. Iweke mpya. Ikikaa wiki, vizuri. Ikikatika papo hapo, kuna shoti, na hapa ndipo watu huharibu gari. Kuweka ya ampea 20 au kuzungushia karatasi ya sigara hakuondoi shoti. Kunahamisha kazi ya kuungua kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya uliopita chini ya mazulia.

Badala ya kuchoma fyuzi tano ukitafuta, tumia balbu. Chukua balbu ya uzi mmoja ya wati 21, unganisha nyaya mbili, zichomeke mahali pa fyuzi, washa paki. Kama shoti ipo, balbu hiyo itawaka kwa nguvu zote, na umeme hautazidi ampea mbili, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Sasa chomoa soketi moja moja na tikisa nyaya. Mwanga ukishuka ghafla, mkono wako uko juu ya kosa.

Mahali pa kuanzia ni nyuma ya redio. Redio iliyobadilishwa huacha waya wa mwanga wa vitufe, ambao unatoka kwenye saketi ya paki, ukiwa umekatwa na ncha yake haijafungwa tepu. Siku waya huo unapogusa chuma, taa za nyuma zinazima na hakuna anayefikiria redio. Kisha angalia taa ya namba, nyaya za tela kama gari lina ndoano, na mahali nyaya zinapopita kwenye bawaba ya buti.

Fyuzi nzima na paki zimezima? Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au swichi ya usukani. Badilishana na rilei yenye namba ile ile iliyo jirani uone.

Inawaka ukifungua mlango wa nyuma, inazima ukifunga

Probox, Noah, Fielder, Vitz: nyaya za taa zilizo kwenye mlango wa nyuma hupita ndani ya bomba la mpira karibu na bawaba. Kila mara mlango unapofunguliwa nyaya hizo zinakunjwa mahali pale pale, na gari la kubeba mizigo linafunguliwa mara nyingi kwa siku. Shaba inakatika ndani wakati plastiki ya nje bado nzima. Wahanga wa kwanza huwa taa ya namba, breki ya tatu, revasi, na wakati mwingine kitasa cha umeme.

Vuta mpira, kunja kila waya kwa vidole. Uliokatika ndani unakunjika kirahisi mno, kama uzi. Usisokote ncha mbili na kuzungushia tepu, hapo itakatika tena mwezi ujao. Kata kipande cha kama sentimita 15 kizima, weka waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita 0.75 hadi 1 za mraba, na maungio yakae ndani ya bodi na ndani ya mlango, nje ya sehemu inayokunjika. Chomelea kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa joto, na usiweke maungio yote mstari mmoja maana yatavimba na hayatapita tunduni. Umepata mmoja uliokatika? Badilisha wote walio humo. Umri wao ni mmoja.

Balbu zinaungua kila mwezi

Zikiungua za mbele na za nyuma, pima betri injini ikiwa inanguruma. Volti 13.8 hadi 14.5 ni kawaida. Ikizidi 15, regaleta ya alteneta, inayodhibiti volti za kuchaji, imekufa, na balbu ni waathirika wa kwanza tu, betri na vyombo vingine viko kwenye foleni. Ikiungua ya upande mmoja peke yake, taa inatikisika: nati imelegea au sikio la plastiki limevunjika, na barabara ya vumbi yenye makorongo inamalizia.

Kinyume chake, balbu mpya inayowaka kwa ufifu tangu siku ya kwanza, soma kitako. Za volti 24 za malori zina kitako kile kile, na kwenye boksi la dukani huchanganyika.

Indiketa inapepesa haraka upande mmoja

Balbu moja ya upande huo imekufa, ya mbele au ya nyuma. Flasha inaona mzigo umepungua na kukimbia ili ikutaarifu. Kama hali imeanza baada ya kufunga LED, flasha inadhani balbu imekufa kwa sababu LED inavuta kidogo. Badilisha flasha iwe ya elektroniki inayokubali LED. Wengine hufunga rezista ya omu 6, wati 50, sambamba na taa. Inafanya kazi, lakini inatoa karibu wati 33 za joto kila inapowaka, kwa hiyo ifungwe juu ya chuma na iwe mbali na kava na zulia la buti.

LED

Kuweka LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu kuna masharti. Chagua LED nyekundu kwa lenzi nyekundu. Nyeupe ina wekundu mdogo ndani yake, na ikipita kwenye lenzi hutoka ya waridi na hafifu. Ya kitako cha kioo isipowaka, igeuze nusu mzunguko, kwa sababu LED ina chanya na hasi. Kagua ukiwa mita 20 nyuma, jua likiwa linawaka, kama breki inatofautiana waziwazi na paki. Nyingi za bei rahisi zinashindwa mtihani huu.

Taa zilizotoka kiwandani na LED hazina balbu ya kubadilisha. Kundi la LED likizima kwa pamoja, mara nyingi ni moja iliyokufa na kuwakatia umeme wenzake waliopangwa kwenye mstari mmoja. Fundi wa bodi za elektroniki anaweza kuibadilisha, ila lazima taa ifunguliwe kwa joto na kuzibwa upya. Kwa wengi, taa iliyotumika ndiyo njia fupi.

Gari lililotoka Uingereza likiwa na taa moja nyekundu kali upande wa kulia tu halina kosa. Hiyo ni taa ya ukungu. Izime kwa swichi yake, inaumiza macho ya walio nyuma.

Maji na ukungu ndani ya lenzi

Ukungu mwembamba asubuhi unaotoweka taa zikiwaka ni kawaida, kwa sababu taa ina matundu ya kupumulia. Matone yanayotiririka au maji yaliyotuama chini ni kosa, na yatakula soketi. Toa taa, toa balbu, iache juani matundu yakitazama chini. Kisha tafuta ufa: jaza maji kidogo ndani na uone yanapotokea, au pitisha kidole kwenye maungio ya lenzi na kiini (mwili wa plastiki wa taa).

Ziba kwa silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi wakati wa kukauka na kushambulia shaba. Usisafishe lenzi kwa petroli wala thina, plastiki yake hupasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Sabuni na maji vinatosha.

Kubadilisha taa nzima

Kabla ya kwenda kununua, soma maandishi yaliyochongwa kwenye lenzi: jina la mtengenezaji, kama KOITO, STANLEY au ICHIKOH, na namba. Namba hiyo ndiyo unayoitafuta. Gari la jina moja na mwaka unaokaribiana linaweza kuwa na taa mbili tofauti baada ya kiwanda kubadilisha sura katikati. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye kiti ukitazama mbele. Dukani hesabu masikio na vipini vyote, na tazama ndani kama soketi zimeyeyuka. Taa iliyochongwa namba ya usajili wa gari jingine iache hapo hapo.

Kwenye salooni fungua buti, ondoa kava la pembeni, utakuta nati za namba 10, mbili hadi nne. Kwenye gari la mlango wa nyuma, boliti zinaonekana ubavuni mlango ukiwa wazi, na upande wa nje umeshikwa na vipini vya plastiki. Vuta taa kurudi nyuma kwa unyoofu, ukigonga kidogo kwa kiganja. Ukiipinda kwa pembeni vipini vinavunjika, na taa hiyo haitatulia tena. Chomoa soketi kwa kubonyeza kibanio chake, usivute nyaya.

Futa bodi ilipokuwa taa, angalia gasketi. Iliyobonyea kabisa haitazuia maji, weka mpya au utepe wa sponji. Chomeka soketi na ujaribu kila taa kabla ya kukaza: paki, breki, indiketa, revasi, kisha paki na breki na indiketa kwa pamoja, maana ethi mbovu hujificha mpaka zote ziwake. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka gasketi ibanwe. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, kiini kinapasuka.

Mvua ya kwanza ikinyesha, inua zulia la buti na upapase chini ya tairi la akiba. Pakiwa na maji, gasketi haijakaa.